Maski inavuja, mrija unameza maji, miguu inakakamaa: tafuta chanzo kabla ya kununua upya

Mtu akitoka majini na maski iliyojaa maji, neno lake la kwanza ni kwamba kifaa ni kibovu. Mara nyingi si kibovu. Ni kizima kabisa, ila kilitengenezwa kwa uso usio wake. Kuelea huku unatazama chini ya maji kunahitaji vitu vitatu tu, yaani maski, mrija wa kupumulia na mapezi, na vyote vitatu vinategemea maumbile: upana wa uso, ukubwa wa kinywa, urefu wa wayo. Seti inayomfurahisha rafiki yako inaweza kuwa adhabu kwako. Kwa hiyo kila tatizo hapa chini nimeanza na dalili, kisha nikatafuta chanzo, ndipo nikaja kwenye kifaa cha kununua. Ukianza na kununua, utabadilisha maski tatu na bado utakunywa maji.

Maji yanaingia kwenye maski

Kwanza jiulize yanaingilia wapi. Maji yanayoshuka kutoka kwenye paji la uso karibu kila mara yana kisa kimoja: nywele zimelala chini ya sketi, ule mpira laini unaogusa ngozi. Nywele chache tu zinatosha kufungua njia. Zirudishe zote nyuma kabla ya kuvaa, na ukishavaa pitisha kidole kuzunguka ukingo mzima. Kofia ya kuogelea nayo isiingie chini ya sketi.

Maji yanayokusanyika chini ya pua kwa mwanamume humaanisha masharubu. Wapo wanaonyoa mstari mwembamba chini kidogo ya pua, na wapo wanaopaka grisi ya silikoni mahali hapo. Usitumie mafuta mazito ya kujipaka yanayotokana na petroli, kwa sababu hayaelewani na mpira. Kwa asiye na masharubu, uvujaji wa hapo huonyesha kwamba sketi ni ndefu mno na inakanyaga mdomo wa juu, ambao hucheza kila unapong'ata mrija.

Yanayopenya mashavuni ndiyo yanayowasumbua wengi. Mistari ya kicheko huvunja mgusano wa sketi na ngozi, hivyo ukimwona samaki wa ajabu ukatabasamu, maji yanaingia. Hiyo si hitilafu. Lakini kama yanaingia hata ukiwa umetulia, chanzo ni kimojawapo kati ya viwili: maski ni pana kuliko uso wako, au umekaza mkanda kupita kiasi.

Hili la mkanda ni gumu kuaminika mpaka ulijaribu. Silika inasema kinachovuja kikazwe. Maski haifanyi kazi hivyo. Chini ya maji, shinikizo la maji lenyewe ndilo linaloibana usoni. Kazi ya mkanda ni kuizuia isihame. Ukiukaza sana, sketi inajikunja upande mmoja na kuinuka upande wa pili. Legeza kidogo, kisha hakikisha mkanda umepita sehemu pana ya kisogo, juu ya masikio, wala haukushuka shingoni. Ukitoka majini na alama nyekundu iliyozama usoni, mkanda ulikuwa umebana mno.

Ikiwa yote haya umeyafanya na bado inavuja, basi ni suala la ukubwa, na hapo ndipo ununuzi unapoanza. Dukani watakuambia uweke maski usoni, uvute hewa kwa pua, na ikinasa basi ni yako. Jaribio hilo peke yake halitoshi, maana ukivuta kwa nguvu hata maski isiyokufaa itanasa. Fanya hivi: inua uso utazame juu, weka mkanda mbele ya kioo usikusumbue, ilaze maski usoni bila kuvuta pumzi. Mtu mwingine akuzunguke atazame kama kuna mwanya wowote kati ya sketi na ngozi, hasa kwenye pembe za macho na chini ya mashavu. Halafu weka kinywani kipande cha mdomoni cha mrija, kwa sababu mashavu hubadilika umbo unapokiuma, na rudia kutazama. Mwisho kabisa vuta hewa kidogo tu kwa pua na uiname. Maski nzuri itabaki mahali pake bila kubembelezwa. Kaa nayo dakika kadhaa: ikigusa mfupa wa pua au kubonyeza katikati ya nyusi, maumivu madogo ya dukani yatakuwa kichwa kuuma baada ya nusu saa majini.

Kwa vijana, usidanganywe na umri ulioandikwa kwenye boksi. Kijana wa miaka 13 anaweza kuwa na uso mpana kuliko wa mama yake, na wa miaka 17 akawa na uso mwembamba unaohitaji maski ndogo ya watu wazima. Pima uso, si cheti cha kuzaliwa. Maski za vioo viwili zenye nafasi ndogo ya hewa ndani huwafaa wengi wa umri huo, kwa sababu hukaa karibu na uso na maji yakiingia ni machache, rahisi kuyatoa kwa kupuliza puani.

Kuhusu malighafi, sketi iwe ya silikoni. Ile ya plastiki ngumu ya PVC hung'aa dukani, kisha hukakamaa na kuacha kufuata umbo la uso. Kioo kiwe cha glasi iliyokazwa kwa joto, ambayo ikivunjika hutawanyika vipande vidogo visivyo na makali kama vya glasi ya kawaida. Utaona neno TEMPERED au herufi T kwenye kioo chenyewe. Maski isiyo na alama hiyo, iache hapo hapo. Sketi iwe na kingo mbili, moja ndani ya nyingine. Ningekuwa na fedha za kitu kimoja kizuri tu, ningeziweka zote kwenye maski.

Macho yanavutwa na kubaki mekundu

Hapa tazama kama umevaa maski kweli. Miwani ya kuogelea, ile isiyofunika pua, imetengenezwa kwa ajili ya kukaa juu ya maji. Shinikizo huongezeka haraka, kwa kiasi cha angahewa moja kila mita 10, na mita mbili tu zinatosha kuyafanya macho yahisi yananyonywa. Maski hufunika pua kwa sababu hiyo: unapozama kidogo, unapuliza hewa kwa pua na shinikizo la ndani linalingana na la nje. Kama unayo maski na bado macho yanavutwa, unasahau kupuliza.

Ukungu hauishi

Maski mpya ina utando mwembamba wa silikoni uliobaki kiwandani kwenye kioo. Hauonekani, ila ukungu unaupenda, na mate peke yake hayauwezi. Kabla ya safari ya kwanza, paka dawa nyeupe ya meno ndani ya kioo, isiyo ya jeli, sugua kwa kidole kwa dakika kadhaa, suuza, rudia mara mbili tatu. Onyo: vioo vya plastiki na vile vilivyopakwa utando wa kuzuia ukungu kiwandani visisuguliwe hivyo, vitachubuka. Soma karatasi iliyokuja na maski. Wapo wanaochoma utando huo kwa kiberiti cha gesi. Njia hiyo huondoa utando kweli, lakini pia huweza kuunguza sketi, nami simshauri mtu aifanye kwenye maski aliyoinunua jana.

Kioo kikishasafishwa, matunzo ya kila siku ni madogo. Tone la shampuu ya watoto iliyochanganywa na maji, au mate, pakaza, suuza haraka bila kusugua, vaa. Usiikaushe ndani.

Ukungu unaorudi kila baada ya dakika chache licha ya hayo yote hutoka puani. Mtu anayepumua kwa pua anajaza maski hewa ya joto na unyevu, na kioo kilichopozwa na maji ya nje kinaigeuza matone. Wanaoanza hufanya hivyo bila kujua. Na usiipandishe maski kwenye paji la uso unapopumzika: jasho na joto la kichwa huiandaa kwa ukungu, na wimbi moja linatosha kuipeleka usikojua. Ishushe shingoni.

Kila wimbi linaingia kwenye mrija

Angalia pembe kabla ya kuangalia mrija. Unapotazama chini moja kwa moja, mrija unapaswa kusimama karibu wima. Ukiinua kichwa kutazama mbele, ncha inalala nyuma na kunywa maji. Klipu yake iwe karibu na sikio, kwa desturi upande wa kushoto.

Mirija ipo ya aina tatu kwa jumla. Kuna ule wa kawaida uliopinda chini, hauna kitu kingine. Kuna wenye kizuia matone juu na vali ya kutolea maji chini. Na kuna uitwao mkavu, wenye boya dogo kwenye ncha linalofunga tundu maji yakifika. Anayeanza hukimbilia mkavu, na sina ugomvi naye sana, lakini ajue anachokinunua: boya hukwama kwa chumvi au mchanga, hufunga ghafla mrija ukilala, na ncha nzito huvuta maski upande. Dukani ugeuze juu chini uvute: uzibe kabisa. Usimamishe: ufunguke papo hapo. Ukisita, uache. Mimi kwa mtu mzima aliyezoea maji ningechagua wa katikati, kizuia matone na vali, basi.

Kama maji yanaingia polepole hata bahari ikiwa tulivu, mshuku utando wa vali ya chini. Punje moja ya mchanga inatosha kuuinua. Ziba ncha ya juu kwa kiganja, kisha vuta: ukipata hewa, kuna mahali panapovuja. Suuza vali, tazama kama utando umepinda au umechanika, kagua pia kiungo cha kipande cha mdomoni. Baadhi ya watengenezaji huuza utando wa akiba. Ulizia kabla ya kulipia mrija.

Pumzi haitoshi

Hili lisichukuliwe kwa mzaha. Mtu mzima aliyetulia huvuta kama mililita 500 za hewa kwa pumzi moja, na takriban 150 kati yake hubaki kwenye njia za hewa bila kufika kunakohitajika. Mrija nao una hewa yake, ile uliyoitoa sasa hivi, na unaivuta tena kabla ya kupata mpya. Kiwango cha Ulaya cha mirija, EN 1972, kinaweka ukomo wa urefu wa sentimita 38 na ujazo wa mililita 230 kwa wenye mapafu makubwa, na sentimita 35 na mililita 150 kwa wenye mapafu madogo. Piga hesabu: pumzi ya mililita 500 kupitia mrija wa 230, ukitoa pia zile 150 za njia za hewa, inakuachia 120 tu za hewa mpya. Ukipumua kwa vipindi vifupi vya haraka, hewa ukaa inajikusanya na unahisi kukosa pumzi ilhali hewa ipo. Dawa ya kwanza ni pumzi ndefu za taratibu. Ya pili, hasa kwa kijana mwenye mwili mdogo, ni mrija mfupi wenye ujazo mdogo.

Mrija mrefu zaidi haukupi uwezo wa kuzama zaidi. Kadiri kifua kinavyoshuka, maji yanakibana, na misuli ya kupumua inashindwa kukipanua. Anayeunganisha bomba ili apumulie chini zaidi anajitafutia kifo.

Chanzo kingine ni upinzani wa mrija wenyewe: tundu jembamba, boya, vichujio vingi juu. Vuta hewa haraka mara kadhaa dukani. Ukihisi unaivuta kwa bidii nchi kavu, majini ukiwa unapiga mapezi itakuwa vibaya zaidi. Utafiti uliofanywa Hawaii kuhusu vifo vya waogeleaji wa aina hii ulihusisha mambo matatu: upinzani wa mrija, kujichosha, na baadhi ya maradhi aliyokuwa nayo mtu, hasa ya moyo. Yakikutana, mapafu yanaweza kujaa majimaji bila mtu kunywa hata tone la bahari. Dalili ni uchovu wa ghafla na pumzi kukatika bila sababu. Hapo hapo acha kuogelea, toa mrija, lala chali, ita msaada, toka majini. Usijipe dakika tano za kuona kama itapita. Mwenye maradhi ya moyo au mapafu amwone daktari kabla hata ya kuchagua mrija.

Na maski zinazofunika uso mzima? Zinapendwa kwa sababu unapumua kwa pua na unaona kwa upana. Kasoro zake zinategemea namna zilivyotengenezwa: kama njia ya hewa inayoingia haikutenganishwa vizuri na ile inayotoka, unavuta tena ulichokitoa. Nyingi hazikuruhusu kubana pua ili kufungua masikio, kwa hiyo si za kuzamia. Kuivua kwa hofu kunachukua muda kuliko kutema mrija. Kama umeamua kuinunua, pima urefu kutoka kati ya macho hadi kidevuni ufuate jedwali la mtengenezaji, epuka zisizo na jina la mtengenezaji, na uitumie juu ya maji tu, bila haraka. Kwa kijana anayependa kupiga mbizi kila dakika, si chaguo kabisa.

Taya zinauma, fizi zina vidonda

Kipande cha mdomoni ni kikubwa kuliko kinywa, au mrija unaning'inia kwa meno yako badala ya klipu. Rekebisha klipu kwanza. Meno yashike tu, midomo ndiyo izibe. Kijana apewe kipande kidogo cha silikoni laini. Mirija mingi hukubali kubadilishwa kipande hicho.

Malengelenge, miguu kukakamaa, mapezi kuchomoka

Jaribu mapezi ukiwa umekaa, kisha utikise mguu kwa nguvu. Kisigino kikichomoka, ni makubwa. Vidole vikikunjamana, ni madogo. Ngozi iliyolowa ni laini, hivyo msuguano usiousikia dukani utakuwa malengelenge majini. Soksi nyembamba za neopreni, ule mpira laini wa suti za majini, hutibu wengi, ila uzivae pia wakati wa kupima.

Misuli ya shavu la mguu ikikakamaa, watu husema walikunywa maji kidogo. Huenda. Lakini tazama kwanza bapa la pezi: refu na gumu ni la miguu yenye mazoezi. Kwa anayeelea na kutazama, bapa fupi linalopinda kwa urahisi linatosha. Tazama pia mateke: yanayotoka kwenye goti, kama mtu anayeendesha baiskeli, huchosha na kurusha maji, yatoke nyongani. Ukikakamaa majini, shika ncha ya pezi, nyoosha goti, livute kuelekea kwako.

Kwa kijana ambaye mguu bado unakua, mapezi ya kisigino wazi yenye mkanda, yakivaliwa na viatu vya neopreni, hudumu kuliko ya kiatu kizima. Viatu hivyo pia humkinga na mawe na miiba ya urumbu anapoingia majini. Kumnunulia saizi mbili zaidi ili "atayakuta" ni kumnunulia malengelenge.

Sioni vizuri hata kioo kikiwa safi

Miwani ya kawaida haivaliki ndani ya maski, vipini vyake huinua sketi. Maski nyingi za vioo viwili hukubali lenzi zenye nguvu, zinazouzwa kwa hatua za nusu dioptria (kipimo cha nguvu ya lenzi), kila jicho na yake. Mwenye tatizo dogo anaweza asizihitaji, kwani maji hufanya vitu vionekane vikubwa kwa karibu theluthi moja na karibu zaidi kuliko vilipo. Lenzi za kuvaa ndani ya jicho huoshwa na maji yakiingia, na huweza kunasa vijidudu.

Baridi na jua

Maji huondoa joto mwilini haraka mara 25 hivi kuliko hewa, kwa hiyo utatetemeka hata katika bahari ya uvuguvugu ukikaa sana. Fulana ya kubana yenye kinga ya UPF 50 (kipimo cha jinsi kitambaa kinavyozuia miale ya jua) huokoa mgongo, na suti fupi ya neopreni ya milimita 2 au 3 huongeza muda. Chagua rangi ya chungwa au njano inayowaka, si buluu, ili mwendesha boti akuone. Asiyejiamini avae jaketi la kuelea la kupuliza. Krimu ya jua usipake pale sketi inapokaa.

Vilikuwa vizuri, nimevitoa kabatini vimeharibika

Sketi iliyopinda ilibanwa na kitu. Maski ikae kwenye boksi lake gumu. Madoa meusi kwenye silikoni angavu ni kuvu, umeihifadhi ikiwa mbichi. Ikigeuka njano au kahawia mahali pamoja tu, iliegemea mpira mweusi, mara nyingi pezi. Bapa lililopinda lilisimamishwa kwa ncha. Laza mapezi au yatundike. Kila baada ya bahari, suuza vyote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, vali ukiisugua taratibu, kausha kivulini. Buti la gari lililoachwa juani si mahali pa kuhifadhia. Na kabla ya safari inayofuata, vuta mkanda wa maski karibu na vifungo utazame nyufa ndogo, maana hapo ndipo unapokatika. Beba wa akiba.